Baba naye atoe taarifa: likizo ya uzazi iliyoachwa nusu njia

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa Tanzania mwaka 2004, inamtaka mfanyakazi mjamzito amjulishe mwajiri wake angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Hicho ni kifungu cha 33. Kifungu kinachofuata kinamfikia baba, nacho kinampa angalau siku 3 zenye malipo, ilimradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Juu ya taarifa, hakuna neno. Hakikusema amwambie nani, lini, wala kwa maandishi au kwa mdomo. Mtoto ni yuleyule na ujauzito ni uleule, ila mama amepangiwa utaratibu tangu mwanzo hadi mwisho, na baba ametajiwa siku zake tu kisha akaachwa ajitafutie njia ya kuzipata.

Wapo wanaouona ukimya huo kuwa ni nafuu. Baba hakuwekewa sharti, wanasema, basi ana uhuru zaidi. Mimi naona hapo ndipo haki yake inapofia. Sheria inaponyamaza, msimamizi wa zamu ndiye anayesema. Naye akipigiwa simu saa 11 alfajiri na kuambiwa mke kajifungua, leo siji, hakuwa na habari, hana wa kuziba pengo, na jibu lililo karibu na ulimi wake ni "njoo kwanza tuongee" au "siku hizo katoe kwenye likizo yako ya mwaka." Baba anakwenda kazini. Kesho yake anakwenda tena, maana sasa anaogopa kuonekana msumbufu. Wiki inaisha.

Chukua dereva wa lori anayepeleka mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Gari linapita Tunduma, linaikata Zambia, kisha linavuka Kasumbalesa, na foleni za mipakani zenyewe zinaweza kula siku kadhaa. Mtoto akizaliwa dereva akiwa Kasumbalesa, atakapokuja kuegesha Dar zile siku 7 zitakuwa zimekwisha. Kwa maneno ya sheria yalivyo, likizo yake imepita na hakuna anayelazimika kumpa nyingine. Hakufanya kosa lolote. Alikuwa kazini. Hali ni hiyo kwa mchimbaji wa Geita aliye kwenye zamu ndefu, kwa baharia, kwa fundi aliyetumwa kwenye mradi wa mkoa mwingine. Wanaoathirika zaidi na dirisha la siku 7 ni walewale ambao kazi huwapeleka mbali na nyumbani, na nyumba zao ndizo zenye haja kubwa zaidi ya mtu.

Sasa fikiria kampuni ya dereva huyo ingekuwa na barua yake mkononi miezi miwili kabla. Mpanga safari angempa mizigo ya Morogoro na Dodoma kwa majuma yale mawili au matatu, na safari ya Kongo angepewa mwingine. Kampuni isingeingia gharama ya maana, na dereva angefika nyumbani siku ileile anayohitajika. Ndiyo maana nasema taarifa ya mapema ni ya mwajiri kama ilivyo ya baba. Mwajiri anayelalamika kwamba wanaume hutoweka ghafla wake zao wanapojifungua, analalamikia jambo ambalo hakuwahi kuwauliza. Mama anajulikana tumbo lake, na kazi hupangwa kumzunguka. Baba hana tumbo la kumtangazia, kwa hiyo asiposema mwenyewe, ofisi haiwezi kujua.

Tarehe anayo. Kadi ya kliniki ya mama imeandikwa tarehe ya makadirio ya kujifungua tangu hudhurio la mwanzo, na vituo vyetu vya afya vimekuwa vikiwahimiza wanaume wafike na wenzi wao siku hiyo. Mwanaume aliyekwenda ameiona kwa macho yake. Asiyekwenda ataiona nyumbani akiifungua kadi. Kwa hiyo hoja kwamba baba hawezi kutoa taarifa kwa sababu uzazi haujulikani siku yake haina mguu: mama naye haijui siku yake, na bado sheria inamtaka aitaje miezi 3 mapema. Kinachotajwa ni makadirio. Siku yenyewe ikifika, ujumbe wa simu unatosha kuikamilisha taarifa.

Namna barua inavyoandikwa ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wanaume wengi wakipata ujasiri wa kuandika, huandika "naomba ruhusa ya siku tatu kwa ajili ya matatizo ya kifamilia." Kwa sentensi hiyo mtu amejitoa kwenye kifungu cha likizo ya baba na kujiingiza kwenye kingine kabisa. Sheria hiyohiyo, inapoeleza likizo ya mwaka ya siku 28, inamruhusu mwajiri kupunguza humo siku ambazo mfanyakazi aliomba mwenyewe ruhusa ya hapa na pale yenye malipo naye akapewa. Aliyeomba ruhusa ya kifamilia anaweza kujikuta amekatwa siku 3 za likizo yake ya mwaka, na mwajiri akawa na pa kusimamia. Likizo ya baba haitoki kwenye likizo ya mwaka, ina fungu lake. Lakini mwenye nayo asipoitaja kwa jina lake, ofisi haina sababu ya kuifungulia fungu hilo.

Barua inayofaa haizidi nusu ukurasa. Iseme kwamba mwenzi wangu anatarajia kujifungua karibu na tarehe fulani. Kwamba nitachukua likizo ya uzazi ya baba kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kuanzia siku atakayojifungua au inayofuata. Kwamba siku hiyo ikifika nitapiga simu au kutuma ujumbe kwa msimamizi. Kwamba uthibitisho nitauleta nikirejea. Na kwamba kazi yangu kwa siku hizo anaweza kuishika fulani, ambaye nimekwisha kuzungumza naye. Hilo la mwisho halitakiwi na sheria, ila ndilo linalomfanya msimamizi aipokee barua bila kukunja uso. Nakala ibaki kwa mwenyewe ikiwa imegongwa muhuri wa mapokezi. Kama ofisi haina mihuri, ipigwe picha pamoja na ujumbe uliotumwa.

Kuna ofisi zinazosema: lete kwanza cheti cha kuzaliwa, ndipo uondoke. Hapa sheria iko wazi. Inampa mwajiri haki ya kudai uthibitisho wa kuridhisha kabla ya kulipa siku hizo. Kabla ya kulipa, si kabla ya kuondoka. Na uthibitisho wa kuridhisha si lazima uwe cheti cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kwa sababu hicho hufuatiliwa kwa taratibu zake na mara nyingi si karatasi ya kupatikana mama akiwa bado yuko wodini. Karatasi inayotolewa na hospitali kwamba mtoto amezaliwa, ikiwa na tarehe na jina la mama, inamtosha mwajiri yeyote mwenye nia njema. Mfanyakazi aondoke, alee, arudi na karatasi, kisha mshahara uhesabiwe.

Wengine wanadai cheti cha ndoa. Kifungu cha Tanzania kinasema mfanyakazi awe baba wa mtoto. Hakikusema mume. Ni tofauti kubwa katika nchi ambayo vijana wengi wanazaa kabla mahari haijamalizwa, na waliotunga sheria wanastahili pongezi kwa kumtazama mtoto kwanza. Uganda sheria yake ya ajira ya mwaka 2006 inataja mke, hivyo aliye nje ya ndoa ana kazi ya kujieleza. Lakini sheria hiyohiyo ya Uganda ina jambo ambalo natamani lingevuka mpaka wa Mutukula lije kwetu: siku 4 za kazi zenye malipo kila mwaka, mke anapojifungua au mimba inapoharibika. Baba aliyepoteza mimba ya miezi 6 naye ana nyumba ya kutuliza.

Kikwazo kingine kiko ndani yetu wenyewe, na hakuna bunge la kukiondoa. Ujauzito kwetu hautangazwi. Mwanaume hasemi kazini kwamba mke wangu ana miezi 7, kwa kuogopa kijicho, kwa kuogopa kuharakisha lisilofika, au kwa haya tu. Nyumba nyingi hata kununua nguo za mtoto husubiri mpaka asikike akilia. Siwezi kuibeza hofu hiyo. Imetokana na vifo vya watoto wachanga ambavyo bibi zetu walivizika kwa mikono yao. Lakini mama aliyeajiriwa amelazimishwa na sheria kuivuka, na huivuka kila siku. Kinachotakiwa ni ofisi kuifanya taarifa ya baba iwe siri ya watu wawili, afisa utumishi na msimamizi wa karibu, isibandikwe ubaoni wala kuchekwa kwenye chai. Ofisi ikijenga sifa hiyo, wanaume wataandika. Ikiwa barua ya mwenzao ilisomwa kwa sauti kantini, hakuna atakayeandika tena.

Kenya mambo yametengenezwa kwa namna nyingine, na somo lake ni zuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanaume wiki 2 kwa mshahara kamili. Ni ukarimu mkubwa ukilinganisha na siku 3 zetu, na mshahara wake ni kamili kwelikweli. Ila haki yote hiyo imebanwa ndani ya sentensi moja, kifungu kidogo cha 8 chini ya kifungu cha 29, ambacho kwa sehemu kubwa kinamhusu mama. Mama atoe taarifa ya maandishi siku 7 kabla, au muda mfupi zaidi kama hali itakuwa hivyo, na ataje siku ya kuondoka na nia ya kurudi. Baba hakuambiwa kitu. Mwaka 2021 nchi hiyo iliongeza likizo ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto wa kuasili, na hapo watunga sheria walikumbuka kuweka utaratibu: mwajiri ajulishwe kwa maandishi siku 14 kabla, na nyaraka ziambatanishwe. Kwa hiyo Kenya mama ana siku 7, mwenye kuasili ana siku 14, na baba aliyezaa hana hesabu yoyote. Sheria haikusema hata likizo yake ianze lini. Pengo hilo hujazwa na kanuni za kila kampuni, ambazo zinaweza kuwa nzuri au mbaya kwa kutegemea aliyeziandika.

Hata hivyo Kenya imefanya jambo moja ambalo kila baba anapaswa kulijua. Kifungu cha 46 cha sheria hiyo kinasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kuwa amekwenda likizo anayostahili, au kwa kuwa ameeleza kusudio la kuichukua. Kusudio nalo limelindwa. Maana yake ni kwamba barua ya taarifa, tangu siku inapopokelewa, ni kinga. Tanzania nayo haihesabu kutumia haki iliyotolewa na sheria kuwa sababu halali ya kumwondoa mtu kazini. Mwanaume aliyeandika mapema ana ushahidi wa tarehe. Aliyesema kwa mdomo koridoni ana neno lake dhidi ya neno la bosi.

Kwa kupima, tazama Uingereza, ambako Waswahili wengi wa visiwani na wa bara wameajiriwa. Huko baba hutakiwa kumwarifu mwajiri kwamba atastahili likizo angalau wiki 15 kabla ya wiki ambayo mtoto anatarajiwa. Tarehe zenyewe za kuondoka, tangu Aprili 2024, anaweza kuzitaja siku 28 tu kabla. Anaweza kuchukua wiki moja, au mbili zilizoungana, au mbili zilizotengana, wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto. Na aliyechelewa kwa sababu ya msingi husamehewa, mradi aseme mara tu inapowezekana. Malipo yake ni hafifu: kiwango kilichowekwa na serikali kwa wiki, au asilimia 90 ya mapato yake, kile kilicho kidogo. Baba wa Nairobi mwenye mshahara kamili yuko mbele yake kwa hilo.

Ninachokiona cha kuiga ni mpangilio wa hatua mbili. Mapema baba anasema nitastahili. Baadaye anasema nitaondoka siku hii. Dereva wetu wa Lubumbashi angeokolewa na hatua ya kwanza peke yake. Kingine cha kuiga ni mfuko. Mwajiri wa Uingereza hurudishiwa na serikali asilimia 92 ya malipo ya lazima ya likizo ya baba, na mwajiri mdogo hurudishiwa yote pamoja na nyongeza. Hapa kwetu anayelipa siku za baba ni mwajiri mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, awe kiwanda chenye watu 800 au mwenye duka la vipuri aliyeajiri vijana watatu. Huyo wa duka nampa haki yake: anaikimbia likizo hiyo kwa kuwa mzigo wote umewekwa begani mwake, na kumwita katili hakutamsaidia mtoto yeyote. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tayari inalipa fao la uzazi kwa mama mwanachama. Kulipanua kidogo limfikie baba ni mjadala ambao vyama vya wafanyakazi havijaupa sauti ya kutosha.

Halafu kuna lile jambo la miezi 36, ambalo waajiriwa wengi hawajalisikia mpaka liwaangukie. Mzunguko wa likizo ya mwaka ni miezi 12. Mzunguko wa likizo nyingine zote, ya baba ikiwemo, ni miezi 36, na sheria imefafanua kwamba siku zile 3 ndizo zote ndani ya mzunguko huo, bila kujali wamezaliwa watoto wangapi. Aliyepata mtoto Januari 2023 akapata mwingine mwishoni mwa 2024 anaweza kukuta wa pili hana siku hata moja. Nimejaribu kutafuta hekima iliyomo na sikuiona. Kama hofu ilikuwa kwamba wanaume watazaa ili wapumzike siku 3, basi aliyeogopa hakuwahi kulala nyumba moja na mtoto mchanga.

Siku 3 zenyewe zinatosha nini? Mama aliyepasuliwa anaweza kuwa bado wodini zinapokwisha. Baba katika siku hizo anatafuta damu, anafuata dawa zilizoandikwa nje ya hospitali, anapeleka uji na mtori, anamtumia mama mkwe nauli ya kutoka Singida. Mama mkwe akifika siku ya nne, baba yuko kazini. Watu husema wazee wetu hawakuwa na likizo hizi na watoto walikua. Wazee wetu walilima mashamba yao, hawakuwa na msimamizi wa kumpigia simu, na nyumba ilikuwa na shangazi, wifi na bibi waliomzunguka mzazi mpaka arobaini iishe. Chumba kimoja cha kupanga Mbagala hakina watu hao. Aliyepo ni baba. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2022 ilikuta nchi 115 kati ya 185 zina likizo ya baba, kwa wastani wa siku 9. Sisi ni theluthi ya wastani huo.

Hata hivyo sitaki hoja ya idadi imeze hoja ya taarifa, kwa sababu siku nyingi zisizo na utaratibu hupotea kama zinavyopotea chache. Ningepewa nafasi ya kurekebisha kifungu kwa sentensi tatu tu, ya kwanza ingesema baba amjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 30 kabla ya tarehe ya makadirio, au mara iwezekanapo kama mtoto amewahi. Ya pili ingesema likizo ichukuliwe wakati wowote ndani ya siku 60 tangu kuzaliwa, ili wa safarini asiadhibiwe kwa safari aliyotumwa. Ya tatu ingefuta ukomo wa miezi 36. Hakuna hata moja inayoongeza siku kwa uzazi mmoja, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kusema imemfilisi.

Walio chini ya miezi 6 kazini, wakiwemo vibarua wengi, sheria imewatoa nje ya likizo zenye malipo, isipokuwa wachache, wakiwemo wa msimu. Bodaboda na machinga hawana hata wa kumwandikia. Hao wanahitaji mpango mwingine, na ni wengi kuliko tunaowazungumzia hapa.

Mabadiliko ya sheria huchukua miaka. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, hauchukui miaka. Chama cha wafanyakazi kilicho na nguvu kiwandani kinaweza kudai mwaka huu kwamba kuwe na fomu moja ya taarifa ya baba, yenye mahali pa tarehe ya makadirio na mahali pa saini ya aliyepokea, na kwamba dirisha liwe siku 60 badala ya 7. Na kwa mwanaume ambaye amekwisha kuandika, akapewa muhuri, kisha akanyimwa siku zake au akakatwa mshahara, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ana siku 60 za kufungua shauri tangu mgogoro ulipotokea, na aende na nakala ya barua yake.